Springi Iliyogoma Bunda

Bunda,
12 Machi 1985

Kwako mke wangu Bibi Mwanaupe, Mwigobero, Musoma.

Kaa chini kwanza, maana anayekuandikia ni mtu mzito. Kuanzia Sirari mpaka Lamadi hakuna mwanaume anayeijua Land Rover kama mimi mjukuu wako Hamduni, na kama yupo basi bado yuko tumboni kwa mama yake anasubiri atoke nimfundishe. Gari zikiniona napita barabarani zinafungua boneti zenyewe, zinasema dokta, nitazame na mimi. Juzi lori la pamba lilikohoa pale stendi. Nikalitupia jicho tu, likanyamaza. Uliza watu wa Bunda, mimi sipendi kujisifu.

Sasa salamu. Sisi huku wazima kabisa. Baba mdogo Kudura anashona mpaka miguu inamuuma. Tangu vitambaa vianze kuonekana tena madukani, watu wamekuwa kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, kila mmoja anataka suruali mpya. Ile cherehani ilikuwaga inalala wiki nzima inasubiri kiraka, sasa hivi inalia kuanzia alfajiri. Mama mdogo Kijakazi naye nadhani ana mimba. Hajasema, ila nimemkuta anakula udongo wa ukutani. Wewe hujaambiwa na mimi. Kuku wako ametotoa ndani ya Land Rover, kwenye kiti cha dereva, na vifaranga wote wazima.

Na hapo kwenye Land Rover ndipo ninapotaka kufika. Bibi, nimesikia. Usifikiri sijasikia. Baba mdogo amesema umekubali kumwachia yule mnunuzi wa chuma wa Mwanza, na kwamba Idi ikipita atakuja na lori, aikate vipande, na ekseli iende kutengenezewa mkokoteni. Gari ya Babu Omari ikavutwe na ng'ombe! Gari iliyobeba dagaa kutoka Mwigobero mpaka huku miaka yote, iliyotulisha sisi, iliyokubeba wewe mwenyewe siku ya harusi ya Baba mdogo ukiwa umekaa mbele kama waziri! Nakataa. Nakataa kwa mikono na miguu. Baba mdogo anasema ni banda la kuku, liuzwe tupate nafasi ya kuanika nguo. Nimemwambia mbele ya mke wake, ukiiuza hii gari uniuze na mimi, maana nitakuwa nimelala juu ya paa.

Injini haina ugonjwa. Nimeizungusha kwa hendeli ikajibu. Matairi nimeyaziba. Taabu ni moja tu, ni springi ya nyuma upande wa dereva, ya gari aliyoiacha marehemu Babu hapa kwa Baba mdogo juu ya mawe. Springi yenyewe ni majani ya chuma yaliyolaliana, na ncha yake ya nyuma inaning'inia kwenye shakli, yale masikio mawili ya chuma yaliyo kwenye chesisi. Nimeyafungua yote peke yangu, bolti zilikuwa zimeshikana na kutu kama ndugu, nimezikata kwa msumeno. Sasa Bibi, nimekuta jani moja halipo. La pili kutoka juu. Halikuvunjika. Mtu amelitoa kwa spana, tena akafunga vizuri. Nani? Baba mdogo anasema hajui. Wewe unajua?

Ombi langu ni hili. Nipe mpaka Idi. Gari ikifika Mwigobero kwa miguu yake yenyewe, haiuzwi tena, naanza kubeba dagaa zako. Isipofika, mwite huyo mtu wako.

Mimi mume wako halali,
Hamduni, fundi.


Musoma,
5 Aprili 1985

Kwa mume wangu wa mdomo, Hamduni.

Barua yako imelala Kiabakari kwenye gari lililokufa njiani, imenifikia inanuka dizeli. Nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu. Walipotufundisha kusoma ukubwani mlitucheka, leo ndiyo nafaidi, naona upuuzi wako bila mkalimani.

Mimi mzima, goti tu. Mvua imeingia ndani, nimehamisha kitanda. Dagaa wapo, lakini furu wamekwisha, sangara wamewala wote, mtu anashusha samaki mmoja mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu. Jirani yangu Marieta amerudi kwao Kiriba, sina wa kusema naye jioni. Mwambie Kijakazi aache udongo wa ukutani, una chokaa. Atafute wa kichuguu.

Kuhusu gari. Mimi ndiye mwenye mali na neno langu nimelitoa mimi, nikitaka kulikunja nitalikunja mimi. Nakupa mpaka Idi. Likifika hapa linatembea, nitamwambia yule bwana arudi kwao. Lisipofika atalichukua, na usije kunililia hapa mtu mzima na ndevu zako tatu.

Lakini nisikilize vizuri. Baba yako mdogo usimguse. Miaka yote ile ya shida mwanangu alikuwa anageuza kola za mashati ya watu, upande uliochakaa ndani, uliobaki nje. Sasa kazi imerudi na Idi inakuja. Asitolewe kwenye cherehani kwenda kushika machuma yako. Anayekuletea barua hii ana kitambaa changu cha gauni la Idi. Mpe Kudura. Mikono mirefu, na asinibane kifuani kama mwaka ule.

Hayo mengine uliyouliza sikuyaona vizuri. Wino ulilowa.

Bibi yako,
Mwanaupe.


Bunda,
24 Aprili 1985

Bibi, mke wangu mwenye macho mazima wino ukiwa mkavu,

Shikamoo. Kitambaa kimefika, Baba mdogo amekipapasa kwa kidole akafumba macho akasema hiki ni kizuri, kimesokotwa vizuri. Unamjua alivyo, kitambaa hakitazami, anakipapasa. Kijakazi amekubali kuwa ana mimba. Kuku na vifaranga nimewahamishia jikoni, mmoja amekanyagwa, si na mimi.

Sasa sikia safari ya mume wako. Springi bila jani la pili ni bure, gari italala upande mmoja kama mlevi. Nimezunguka Bunda nzima, hakuna. Nikaambiwa Butiama kuna mhunzi, Mkurya anaitwa Chacha, anafua majembe na visu, chuma kinamwogopa. Nikafunga majani yote kwenye baiskeli ya Baba mdogo, mengine mbele, mengine nyuma. Watu njiani wananiuliza, wewe unauza nini? Nawaambia nauza mbavu za tembo. Kwenye mlima nasukuma, kwenye mteremko baiskeli inanisukuma mimi. Breki hakuna. Nilipita Kiabakari kama risasi, mgambo mmoja ameruka mtaroni mpaka leo ananitafuta.

Nimefika kwa Chacha nimeloa. Akaangalia majani yangu moja moja. Akayapiga na ukucha, akasikiliza. Akacheka.

"Mura," akaniambia, yaani kijana kwa Kikurya, "hii springi nimeshakula nyama yake."

"Wewe umekula wapi springi ya Babu yangu?"

"Si mimi niliyeitoa. Alikujaga hapa mama mmoja wa Kiswahili, mfupi, ana jino la dhahabu. Akaniletea jani moja limefungwa kwenye khanga kama mtoto. Akasimama hapo hapo uliposimama ananifokea kama mimi ni mkwe wake. Nikamfulia majembe."

Bibi! Katika mji mzima wa Musoma, wako wangapi wafupi wenye jino la dhahabu wanaofokea watu wasiowajua? Mimi namfahamu mmoja. Nimelala naye kitanda kimoja mpaka nilipotahiriwa. Wino ulilowa, siyo?

Basi. Chacha amenitolea jani jingine kutoka springi ya lori, nene kuliko ya kwetu. Hela hakutaka, alitaka mtu wa kuvukuta moto. Nimevukuta mivukuto yake mpaka mikono imekuwa si yangu, na bado nilikuwa nampigia hadithi. Amelikunja jani moto, akalizimisha kwenye mafuta, akalilinganisha na wenzake. Wakati naondoka akaniambia, "Mura, hii sasa ni kali. Imepinda kuliko ile ya zamani, ncha zake hazitafika mahali pake. Usishindane nayo kwa mikono. Iwekee uzito kidogo kidogo, ilegee yenyewe, ndiyo uingize bolti. Usiwe na haraka."

Nikamwambia haraka ni jina langu la pili.

Baba mdogo hajaguswa. Amekaa kwenye cherehani yake kama ulivyoamuru. Kazi nafanya peke yangu.

Wako wa ubavuni,
Hamduni.


Musoma,
10 Mei 1985

Hamduni,

Salamu kwa wote nyumbani. Goti limepoa. Nimepata sabuni ya kipande dukani bila kupanga foleni, nimerudi nayo nyumbani nikaiweka mezani nikaitazama, nikakumbuka tulivyokuwa tukifulia majani ya mpapai.

Ndiyo, nililitoa mimi. Babu yako alikuwa ameshazikwa, gari liko juu ya mawe, na mwaka ule jembe lilikuwa halionekani duka lolote, si Musoma, si Bunda. Ukiuliza jembe wanakuuliza una kibali. Shamba la muhogo la kule Kiriba lilikuwa limekuwa pori. Nikaja hapo wewe ukiwa shuleni unajifanya unasoma, nikamwambia fundi mmoja anifungulie, nikaenda Butiama kwa miguu yangu. Ugali uliokuwa unakula na kuomba uongezewe umelimwa na springi hiyo. Kama unataka kunishtaki kwa kuhujumu gari la marehemu, nishtaki. Nitakuja barazani na jembe langu mkononi, limebaki dogo kama kijiko.

Na sikusema kwa sababu hukustahili kujua. Sasa umejua. Nimesema la kwangu, limekwisha.

Ramadhani inaingia. Mnunuzi alipita hapa akaniuliza. Nimemwambia angoje. Yeye amecheka, amesema mama, vijana hawa hawawezi kurudisha springi bila gereji. Nimekasirika, sijui kwa nini. Lete gari hilo.

Gauni langu limefika wapi? Mwambie Kudura aniandikie yeye mwenyewe mstari mmoja. Ananiandikiaga kila Ramadhani ikikaribia, safari hii kimya.

Bibi.


Bunda,
3 Juni 1985

Kwako Bibi mhujumu wangu,

Ramadhani karimu. Mimi nafunga, usicheke, nimekosa siku chache tu na sababu ninazo.

Gari imesimama! Imesimama kwa miguu minne! Mpelekee huyo bwana wa Mwanza habari hizi na umpe na maji ya kumezea. Eti gereji. Gereji ni mimi. Nimemaliza kabla Ramadhani haijaingia, na nakupa hadithi yote ufurahi.

Chacha hakusema uongo. Nimefunga springi kwenye ekseli, nikapitisha bolti ya mbele ikaingia kama kijiko kwenye uji. Ncha ya nyuma ndiyo ikagoma. Tundu la springi na tundu la shakli yameachana upana wa kiganja changu chote. Nimevuta kwa kamba, kamba imekatika. Nimepigilia kwa nyundo, nyundo inaruka inarudi kunitafuta usoni. Nimeweka mtaimbo nikauning'inia na uzito wangu wote, nimebembea pale kama popo, Kijakazi anacheka mpaka anashika tumbo. Springi haitingishiki. Ni kama inaniambia, wewe nani? Nikaitukana kwa Kiswahili, nikaitukana kwa Kijita, nikaitukana na lile neno la Kikurya alilonifundisha Chacha. Wapi.

Nikakumbuka uzito. Gari tupu ni nyepesi, inakaa juu ya ile springi kali kama nzi. Ikilemewa, springi inanyooka, na ikinyooka inarefuka. Nikapakia magunia ya muhogo ya jirani. Ikasogea. Ikabaki kama upana wa vidole. Magunia yakaisha. Ndipo nikasikia kwaya.

Unamjua Bhoke, jirani yetu, yule anayeongoza kwaya ya akina mama kanisani kwao? Walikuwa wanatoka mazoezini, wanapita na sare zao, wanaimba njiani. Nikawaona na macho ya fundi. Bibi, sauti ya nne peke yake ni tani nzima. Nikasimama mbele yao, nikasema, "Mama zangu, gari ya marehemu Omari inawaomba mkae ndani yake."

Bhoke akasema, "Wewe Hamduni, unataka kutupeleka wapi?"

"Siwapeleki popote, mama. Nataka kuwakalisha tu."

"Umesikia, jamani? Tumekuwa magunia."

"Magunia ya heshima, mama. Ya Bwana."

Wakacheka wakapanda, wakabanana nyuma juu ya muhogo. Gari ikalia. Springi ikaanza kunyooka nikaiona kwa macho yangu, tundu linatembea kulifuata tundu. Bado kidogo tu. Nikawaambia waruke humo humo ndani. Wakaruka. Bolti ikaingia.

Basi. Imekwisha. Mimi ndiye niliyeiingiza.

Baba mdogo alikuwepo. Usije ukasikia nilimtoa kwenye cherehani, alikuja mwenyewe kutazama, kelele zilimvuta. Anakusalimu. Hakuandika kwa sababu ana kazi, si unajua Idi. Gauni lako litachelewa kidogo, uzi wa rangi yake umeisha, tunautafuta. Kijakazi naye mzima, amenuna tu, mimba ndivyo zilivyo.

Mvua zimekatika huku. Nyanya ni nyingi sokoni. Nimepata betri ya kuazima. Sina jingine.

Hamduni.


Musoma,
10 Juni 1985

Hamduni,

Barua yako ya mwisho ina nyanya na betri. Tangu lini wewe unaniandikia habari za nyanya?

Wankyo, mdogo wake Bhoke, amekuja kununua dagaa. Nikamuuliza habari za Bunda akaniangalia kama mtu aliyekanyaga moto. Nikambana. Amesema hakuwepo, hataki kusema la mwenzake, ila siku moja alipeleka mboga kwenu wakati wa futari akamkuta mwanangu Kudura anakula kwa mkono wa kushoto. Mbele ya wageni. Mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanzu.

Nimemlea mtoto yule. Nilimpiga kofi akiwa na miaka mitatu kwa kunyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani. Hawezi kula kwa kushoto kwa sababu ya kazi nyingi, wala kwa sababu uzi umeisha.

Nilikwambia usimguse.

Mnunuzi yuko hapa Musoma wiki hii. Lori analo. Nakupa nafasi ya barua moja, na uitume kwa mtu, isipite posta. Nieleze kilichotokea, chote, bila kwaya na bila popo. Ukinificha tena, sitasubiri Idi, namleta hapo mwenyewe nikiwa nimekaa mbele kwenye lori lake, na nitasimama nikitazama anavyolikata. Sina shida na gari. Nina shida na mjukuu anayejua kuandika kurasa nne na hawezi kuandika mstari mmoja wa kweli.

Mwanaupe.


Bunda,
14 Juni 1985

Shikamoo Bibi.

Barua hii anakuletea utingo wa lori la mchele, mpe hata maji ya kunawa, ameahidi kuja moja kwa moja Mwigobero.

Kwanza nakwambia hili na sitalirudisha nyuma hata ukiniletea malori kumi. Gari inatembea. Jana nimeipeleka mpaka Kiabakari na kurudi, na mawe nyuma, kwenye makorongo ya barabara ile unayoijua, na springi haikulia hata mara moja. Niliyoyasema nimeyafanya. Waliocheka wacheke sasa. Usimwamini huyo bwana akikwambia ni chuma chakavu.

Sasa la Baba mdogo. Ni kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kimekatika kwenye kiungo cha pili. Hospitali wamesafisha kipande kilichobaki na kukishona, hakijaoza, kinafunga vizuri, homa hana. Yeye ndiye aliyenikataza kukuandikia. Alisema, "Mama ana goti, tena amefunga. Tutamwambia nikishapona." Nikafurahi aliponikataza. Hilo nalo uliandike.

Ilikuwa hivi. Alikuja mwenyewe kweli. Alinikuta nimelala chini ya gari, kwaya imeshapanda. Akasema, "Sogea, huoni kitu hapo. Matundu hayatazamwi, yanapapaswa." Akavua kofia, akaingia chini na kanzu yake. Unamjua na vidole vyake, anajua uzi umekatika wapi gizani. Akatia kidole kwenye tundu la shakli kupima kama la springi limefika. Anasema bado. Nawaambia akina mama wajisogeze nyuma. Anasema bado kidogo. Mimi nimeshika bolti kwa mkono mmoja na nyundo kwa mwingine, jasho linaingia machoni. Wakaruka. Springi ikarefuka kwa mkupuo ikapita kama kisu cha kukatia majani ya ng'ombe. Bolti niliyoisifia, niliigonga baadaye, baada ya kumtoa pale. Kwanza nilimbeba mpaka hospitali, Bhoke amemfunga mkono na sare ya kwaya. Kisha nikarudi nikaiingiza. Springi ilikuwa imelegea yenyewe chini ya magunia, matundu yamelingana sawasawa.

Kushona hawezi sasa. Anasema atajifunza kwa kidole cha kati. Kwa Idi hii watu wamechukua vitambaa vyao, wengine kwa upole, wengine kwa maneno. Cha kwako hatujatoa. Anakaa kwenye kiti pembeni ananiambia kanyaga, punguza, geuza, na mimi ndiye niliye kwenye cherehani. Mshono wa bega umepinda. Kijakazi anasema utaonekana kama umebeba ndoo. Utalivaa hivyo hivyo.

Na yeye ndiye sasa hataki gari iuzwe. Mnunuzi alituma mtu hapa kuangalia, Baba mdogo akatoka nje na mkono wake uliofungwa akamwambia, "Mwambie tajiri wako kidole changu kimezikwa chini ya hii gari. Akiinunua, ameninunua na mimi, na mimi siuzwi." Yule mtu akaondoka bila kuaga. Nimecheka mpaka nikalia. Sijui kipi kilitangulia.

Wewe ndiye mwenye mali. Kama utaona gari iwe ya Baba mdogo, iandikwe jina lake, dagaa zibebwe kwa jina lake, na mimi niwe wa kupakia na kuosha matairi, nitapakia na kuosha. Kama utaona iende na lori la huyo bwana, safari hii sitalala juu ya paa. Lakini uamue ukijua yote, maana umesema chote, na hapo juu sijamaliza.

Watu wote wa mtaa huu wanasema ni bahati mbaya. Bhoke anasema hivyo, Kijakazi anasema hivyo akiwa hajanuna. Baba mdogo mwenyewe anawaambia wageni wanaokuja kumpa pole, "Mtoto hakunisikia, kwaya ilikuwa inaimba." Anasema hivyo huku ananitazama, kisha anatazama pembeni, na mimi namimina chai.

Bibi, kwaya haikuwa inaimba. Walikuwa wamemaliza ubeti, wanavuta pumzi. Palikuwa kimya, hata kuku nilimsikia. Mimi nilikuwa nimechoka na hilo neno lake la "bado". Nilikuwa nimefikiria asubuhi yote kwamba kazi ni yangu na sasa ataonekana yeye ndiye aliyeirudisha.

Alisema, "Ngoja, Hamduni." Alinitaja kwa jina. Nilimsikia vizuri kabisa.

Nikasema, "Rukeni."